Picha Mia Mbili za Bomba la Boila

Nyumba ya Tisa, Laini ya Mafundi,
Kiwandani, Konoin.
Jumatatu jioni, mvua imekatika.

Mama Akinyi, mpenzi wangu tangu nilipokuwa na nywele,

Kabla hujaniuliza: ndiyo, ninakula. Na kabla sijakuuliza, najua utajibu kwamba goti halijambo, hata kama unapanda kitandani kwa fimbo. Kwa hiyo namwuliza Akinyi, asome hapa kwa sauti: goti la mama yako likoje? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa au bado anatuchezea? Na bati la jikoni, lile nililopigilia mimi mwenyewe Krismasi ukasema litaondoka na upepo wa kwanza, liko? Kama limeondoka, usiniandikie. Niachie heshima yangu kidogo.

Mimi ni mzima. Tumbo ndilo limezidi uzima. Mshipi umeishiwa na mashimo.

Sasa Akinyi aende nje, na wewe uketi. Soma hii iliyobaki peke yako, kisha uamue utakalowasomea wengine. Inamhusu ndugu yako Wandera. Hajaumia. Nimeanza na hilo ili usiangushe sufuria. Hajaumia, na ninaandika ili asiumie. Nataka umwite nyumbani wiki hii, wiki hii hii, na ni wewe tu unayeweza. Sababu ni ndefu kidogo, na utacheka mwanzoni, maana inaanza na nyota.

Unamkumbuka Mwalimu Kirui wa fizikia, yule mrefu aliyekuletea kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando yenye masizi, ulipokuja kunitembelea, ukanywa kwa adabu halafu usiku ukaniuliza kama ni dawa? Huyo. Kwao ni Sigor, kule Chepalungu, ambako mvua ni chache na anga liko wazi kama kiganja. Lakini Sigor kwao hakuna stima, na pale shuleni kwake stima huja na kuondoka kama mjomba mlevi. Mimi, kwa kuwa ni fundi wa umeme wa kiwanda cha chai, nina stima hata wakati Meneja hana. Basi Mwalimu amefanya veranda yangu kuwa ofisi yake. Huniita "Papa Akinyi," unajua ulimi wa wenzetu wa huku hugeuza b kuwa p, na kila akiniita hivyo najihisi nimechaguliwa kule Roma.

Anakuja saa moja jioni, kompyuta kuukuu imefungwa kwa blanketi kwenye wilbaro, na darubini aliyoitengeneza kwa bomba la maji na kioo alichokisugua kwa mkono karibu mwaka mzima. Nyuma ya darubini amefunga kamera ndogo, duara, kubwa kidogo kuliko yai, aliyotumiwa na rafiki yake anayesoma ng'ambo. Kamera yenyewe ilitengenezwa ili watu waongee kwenye kompyuta wakionana nyuso. Mwalimu aliitazama siku mbili, akaing'oa kioo chake cha mbele, akaigeuza iwe jicho la kuangalia nyota.

Lakini kitu anachojivunia hasa si hicho, ni programu. Ameiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na kila mstari ameunakili kwenye daftari la hesabu kwa sababu stima ikipotea kompyuta husahau yote. Ameiita Kikapu. Nilimwuliza inafanya nini, akaniambia kitu nilichokielewa hata mimi, kwa hiyo na wewe utaelewa.

"Papa Akinyi, picha moja ya kamera hii ni takataka," alisema. "Imejaa chengachenga, kama redio ambayo haijashika stesheni. Lakini chengachenga hazikai mahali pamoja. Kila picha ziko kwingine. Nyota ndiyo inakaa. Sasa mimi napiga picha moja, naitupa kikapuni. Ya pili, naiweka juu ya ile ya kwanza, nyota juu ya nyota. Ya tatu, ya nne. Ile ambayo upepo umeitikisa, natupa nje, kama mchumaji anavyotupa jani kuukuu. Zikifika mia, chengachenga zimemalizana zenyewe kwa zenyewe, na kile ambacho ni kweli kinabaki."

"Kama uvumi wa pale kituo cha kupimia majani," nikasema. "Kila mtu anakuja na wake, lakini ukiwasikiliza watu mia, kuna neno moja linalorudi."

"Hiyo ndiyo Kikapu," akasema, akafurahi mpaka akaninunulia soda siku iliyofuata.

Na inafanya hivyo ukiangalia. Unakaa na chai yako, skrini iko nyeusi, pembeni kuna hesabu inapanda: kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kitu kinatokea polepole kama sura ya mtu kwenye ukungu. Nilipoona hivyo mara ya kwanza, wingu la nyota ambalo macho yangu hayakuona kitu pale, nilisahau chai ikapoa. Mimi, mtu wa kusahau chai!

Shida ni anga la huku. Ulisema mwenyewe kwamba juu ya Konoin Mungu amesahau mfereji wazi. Na tangu mvua ile ya El Nino iliyobeba daraja letu, ni kama mfereji huo haujafungwa sawasawa. Jioni tano kati ya sita tunakaa tukisubiri mawingu. Basi wakati wa kusubiri, Mwalimu hutafuta kitu cha mbali kisichotembea, aweke darubini sawa. Na kitu hicho kimekuwa bomba la moshi la boila yetu, ile inayotoa mvuke wa kukaushia chai.

Sisi si kile kiwanda kikubwa cha Mogogosiek ambacho watu hupigia picha za harusi. Chetu ni kidogo, kimejificha bondeni, na nyumba ya boila iko wazi upande wa kwangu. Kutoka veranda yangu unaiona yote, hatua kama mia na hamsini: boila, marundo ya kuni za mkaratusi mpaka darini, na bomba la moshi linalotoka mgongoni mwa boila, linapiga kona, kisha linapanda kwenda juu. Chini ya ile kona kuna benchi. Hapo ndipo wachochezi wa boila hukaa tangu kiwanda kijengwe, maana baridi ya huku unaijua, na pale kona ina joto la mama. Hapo ndipo anakaa Wandera.

Juu ya kona wameweka debe la viazi vitamu. Ni desturi yao. Unaweka viazi mwanzo wa shifti, unakula katikati. Mwezi uliopita ndugu yako alikuwa akijisifu kwamba siku hizi mkono wake una baraka. "Shemeji, viazi vinaiva kabla sijamaliza kuviombea!" Tulicheka. Mimi nilikula vitatu.

Na kuna rangi. Kila wageni wakitarajiwa, Meneja hunipa kopo la rangi ya fedha nikapake bomba ling'are. Tangu Aprili nimepaka ile kona mara tatu, na mara tatu rangi imegeuka kahawia na kubambuka kama ngozi ya nyoka. Nilimtukana mwenye duka aliyetuuzia. Nilimwambia anauza maziwa yaliyotiwa maji. Kumbuka hayo mawili, viazi na rangi. Mimi sikuyakumbuka mpaka ilipokuwa lazima.

Jioni hiyo, majuma mawili sasa yamepita, Mwalimu alilenga kona, akaiacha Kikapu ikijaa, tukaingia ndani kuchukua chai. Tuliporudi hesabu ilikuwa imepita mia mbili. Nikaona ameinama kwenye skrini na kikombe kimelala mkononi, chai inamwagikia kiatu.

"Papa Akinyi. Kuna taa pale kwenye kona?"

"Hakuna. Balbu iliungua Ijumaa. Na fundi wa kuibadilisha ni mimi, kwa hiyo bado iko imeungua."

"Basi hii ni nini?"

Pale kwenye kona ya bomba, juu kidogo ya benchi, kulikuwa na doa jeupe. Umbo lake kama kwato ya ndama. Nikatazama kwa macho yangu: giza tupu. Nikatazama skrini: kwato.

Mwalimu si mtu wa kushtuka ovyo. Alisema huenda ni uchafu kwenye kamera. Akasogeza darubini kidogo, akamwaga kikapu, akaanza tena kutoka moja. "Kama ni uchafu, utakaa pale pale kwenye skrini. Kama ni kitu cha bomba, kitafuata bomba." Tulingoja. Picha hamsini, hakuna. Mia, kama pumzi kwenye kioo. Mia mbili, kwato, na ilikuwa imelifuata bomba.

"Kamera hii niliitoa kile kioo cha mbele," akasema polepole. "Bila kile kioo, inaona zaidi kidogo kuliko sisi. Inaona chuma kikiwa na moto sana, kabla hakijawa chekundu kwa macho ya mtu."

"Lakini lile ni bomba la moshi. Moto uko tanuruni."

"Ndiyo maana nauliza."

Mama Akinyi, nilikaa kwenye ngazi. Ndipo viazi vikanijia. Ndipo rangi ikanijia. Ndani ya boila kuna ukuta wa matofali unaozuia moto usikimbilie nyuma. Ukuta huo ukianguka, moto hauishii tanuruni tena, unaingia kwenye bomba na kulamba kona kutoka ndani. Chuma kinaliwa kidogo kidogo, kinabaki kama gamba la karanga. Siku kitakapotoboka, moto wote unashuka. Na chini yake ni benchi, na pembeni ya benchi ni kuni kavu mpaka darini, na nyuma ya kuni ni ghala la chai iliyokwisha kukaushwa.

Bomba lilikuwa likituambia tangu Aprili, na kila likisema, mumeo alilipaka rangi ya fedha mdomoni.

Tangu hapo tumeliangalia kila jioni, kukiwa na nyota au hakuna. Mwalimu anaandika kwenye lile daftari la hesabu ni picha ngapi zinahitajika kabla doa halijaonekana. Jioni ya kwanza, mia mbili. Siku tatu baadaye, mia na arobaini. Jumapili iliyotangulia hii ya jana, tisini. Ijumaa, arobaini. Nikamwuliza inamaanisha nini, akafunga daftari. "Siku itakapohitaji picha moja, Papa Akinyi, hatutahitaji kompyuta."

Nilimwendea Wandera. Unajua mdomo wake.

"Shemeji, wewe na Mwalimu mmechoka na za mbinguni, sasa mnatafuta nyota ndani ya boila?"

"Wandera, ondoka kwenye hilo benchi."

"Nikae wapi? Kwenye mapaja yako?"

Nikamleta verandani, akaona. Akavua kofia kama aliyeingia kanisani. Kisha akasema neno ambalo limenikosesha usingizi. "Nikitoka, Cheruiyot atasimama hapo shifti mbili. Ana watoto watano. Mimi nina wawili. Unataka nimwachie?"

"Basi kataeni wote wawili."

"Tukikataa, kesho kuna watu ishirini pale getini wanaotafuta kazi. Hao hawatakuwa wameona picha." Akainuka. "Nitahamisha benchi." Na kweli amelihamisha, hatua tatu. Debe la viazi ameliacha pale pale, anasema viazi havina hatia.

Nikamwendea Meneja. Kwanza sikumwambia habari ya kompyuta, nilisema tu kona imechoka, tuzime boila siku mbili tuifungue. Akacheka. Unajua huu ni msimu gani: majani yanashuka kutoka mashambani kama mafuriko, vitanda vya kunyaushia vimejaa mpaka mengine yamemwagwa sakafuni. Ukizima boila siku mbili, majani yote yanageuka mbolea, na wakulima wanakuja na fimbo. Hilo si uongo. Hata mimi najua.

"Nionyeshe kilichochoka," akasema. Nikampeleka. Akatazama kona: inang'aa fedha, safi, kazi ya mikono yangu. "Mbona iko sawa? Umeipaka vizuri sana." Mama Akinyi, sijawahi kusifiwa nikaumia hivyo.

Basi nikamwomba aje verandani saa moja na nusu. Alikuja, koti begani, hakutaka kuketi. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani ametoa ruhusa ya kupiga picha kiwanda. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba alikuwa akipiga picha za nyota, kiwanda ndicho kilichosimama mbele. Kikapu ikaanza kujaa. Meneja akatazama skrini nyeusi, akatazama saa yake, akatazama skrini. Picha ya sitini. Ya sabini. Doa likaja. Nilimwona ameliona, maana koti lilianguka na hakuliokota.

Kisha akajikohoza, na ile sauti ya ofisini ikarudi.

"Hii yote ni picha ngapi?"

"Sabini na kitu, Pwana Meneja," Mwalimu akasema.

"Kitu kinachohitaji picha sabini ili kionekane, kinaweza kungoja Julai, majani yakipungua."

"Jioni ya kwanza kilihitaji mia mbili," nikasema mimi.

"Wewe ni fundi wa stima. Boila haizimwi mwezi huu." Akaokota koti. Mlangoni akageuka, akaniambia kwa upole kabisa, kama baba: "Na wanunuzi wanakuja Alhamisi. Ile kona imeanza kubambuka tena. Ipake."

Kopo liko hapa mezani ninapokuandikia. Ni jipya, halijafunguliwa. Nimeliegemezea karatasi hii.

Sasa ombi langu. Mwandikie Wandera, au mtumie neno kwa yule dereva anayebeba samaki kuja Kericho kila Jumatano, maana posta itachelewa; hata hii yangu naituma kwa kondakta wa basi la asubuhi, ikufikie kesho. Usimwambie mama yenu ni mgonjwa. Hilo ni mwiko, na ukilitamka utakuwa umeliita. Mwambie baba yenu anataka kuonyesha mipaka ya shamba kabla ya mvua kwisha, na asipokuwepo, ndugu yenu mwingine atapata upande wa mto. Si uongo, mzee amekuwa akilisema hilo tangu Pasaka. Mimi siwezi kuliandika. Nikiwa mkwe, nikitaja mipaka ya shamba la baba mkwe, hata kwa kuokoa mtu, nitakuwa nimejifukuzisha kwenye ukoo. Lakini wewe dada mkubwa ukisema "mto," ndugu yako atakuja hata akiwa amefungwa kwa mnyororo. Namjua.

Najua pia utakaloniuliza, maana umeniuliza kila jambo tangu tuoane: na Cheruiyot je? Nimejiuliza siku tatu. Kumtoa Wandera peke yake ni kuhamisha mauti kutoka benchi moja hadi jingine. Basi nimeamua hivi. Jumatano nitapanda ngazi na kopo langu, nitapaka bomba lote, juu mpaka chini, ling'are kama siku ya harusi. Ile kona sitaipaka. Nitaikwangua rangi ya zamani yote, ibaki kahawia na mabaka yake, peke yake, kama jino bovu kwenye kicheko. Wageni Alhamisi hawataweza kutazama kitu kingine. Wakiuliza, nitajibu mbele ya Meneja. Kazi ikiisha, imeisha. Miaka kumi na sita nimepaka vizuri. Acha mara moja nipake vibaya kwa makusudi.

Nisalimie mama yangu, na umwambie miwani yake ninayo, haijavunjika, nimeikalia mara moja tu. Msalimie Akinyi, kifungua mimba wetu, namtarajia awe wa kwanza kwa hesabu kwa sababu baba yake alikuwa wa mwisho. Odhiambo mdogo wangu arudishe wilbaro. Fundi cherehani jirani yetu aendelee kuimba, ila si alfajiri. Na mzee wa kanisa, yule anayelala wakati wa mahubiri, mwombe safari hii asilale anapotuombea.

Mimi ni yule yule uliyemkubali kwa kukosa subira,
Baba Akinyi.

*

Saa mbili na robo. Nimeifungua tena bahasha. Nilikuwa nimekwisha kulamba gundi.

Mwalimu yuko verandani. Mawingu yamefunguka, leo kuna nyota za kutosha nchi nzima, lakini hakuzigeukia. Amesema neno moja tu kupitia dirishani: "Saba."

Picha saba. Ijumaa zilikuwa arobaini. Nimemwuliza Jumatano itakuwa ngapi, naye anavuta nyaya zake na kuzikunja kama mtu anayehama. Shifti ya Wandera imeingia saa mbili kamili. Namwona kutoka hapa, anatupa kuni. Debe liko juu ya kona.

Ile kona haitangoja Alhamisi. Nimekuwa mjinga mwenye mpango mzuri.

Boila ile inapumua kwa feni kubwa, na feni linakula stima, na stima ni yangu. Feni likifa, sheria ya wachochezi ni kuacha kulisha na kuvuta makaa yote nje. Wandera hawezi kubisha, na hata Meneja hawezi kuipuliza boila kwa mdomo. Fyuzi ni ile ya tatu kutoka kushoto. Niliiweka mwenyewe. Bisibisi iko mfukoni.

Barua hii namwachia Mwalimu. Kama hakuna mstari mwingine chini ya huu, umwite ndugu yako vilevile, kisha uniombee.

*

Asubuhi.

Boila ni baridi. Majani yameanza kunuka. Nimepanda ngazi na kugonga ile kona kwa mpini wa bisibisi, nikigonga taratibu kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Mkono umeingia mpaka kifundoni.

Wandera na Cheruiyot wamesimama chini wakiniangalia. Halafu Wandera ameteremsha debe lake, amelitazama ndani, na amesema viazi ni vibichi. Sikujua mtu anaweza kulia kwa sababu hiyo, lakini amelia.

Nimeitwa ofisini. Wakulima wameshafika getini, nawasikia. Kopo la rangi nimelibeba nikalirudishe.

Ijumaa uweke maji ya kuoga jikoni. Sijui bado yatakuwa ya ndugu yako akija kuangalia mto, au yangu nikiwa sina kazi.